Baruti, Risasi na Shabaha ya Gobori

Gobori halipakiwi risasi iliyokwisha kutengenezwa kiwandani. Baruti humiminwa mdomoni mwa mtutu, risasi iliyofungwa kitambaa hushindiliwa juu yake kwa mdeki, kisha fataki huvikwa kwenye tundu la kuwashia. Kazi ambayo kiwanda humfanyia mwenye bunduki ya kisasa, mwenye gobori huifanya mwenyewe ndani ya mtutu kila anapotaka kupiga. Ndiyo maana shabaha ya gobori ina masharti mawili: vitu hivyo vipatane na mtutu ule mmoja, na upakiaji urudiwe vile vile, bila tofauti hata ndogo. Kiasi kinacholifaa gobori moja huweza kulitia haya jingine lililotoka kiwanda kile kile.

Magharibi mwa Kenya bunduki za aina hii zilifika kwa biashara ya pembe. Kabla ya reli, misafara ya Waswahili na Waarabu ilipiga kambi Mumias, ikanunua chakula na kupumzisha wapagazi, kisha ikavuka Mto Nzoia kuelekea Mlima Elgon na Karamoja kutafuta ndovu. Bumula ya leo, kusini-magharibi mwa Kaunti ya Bungoma, iko ng'ambo ya mto huo, katika nchi ya Wabukusu ambayo misafara hiyo iliipitia. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Unguja, Charles Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Sehemu kubwa ilikuwa silaha kuukuu za majeshi ya Ulaya, zilizouzwa kwa bei ya chee baada ya majeshi hayo kupata bunduki za kupakiwa nyuma.

Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulijaribu kuifunga biashara hiyo, lakini kwa namna yake. Katika ukanda wote wa Afrika kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini, bunduki zenye mifereji ndani ya mtutu zilipigwa marufuku kuuzwa kwa wenyeji. Kilichoachiwa mlango ni gobori la gumegume lenye mtutu laini, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Walioandika kifungu hicho walijua walichokuwa wakikizuia. Kelele na moshi waliviruhusu; shabaha ndiyo waliyoinyima ruhusa.

Tofauti hiyo ilionekana upesi. Askari wa Kisudani waliotumwa kutoka Mumias kudai bunduki zilizokuwa mikononi mwa Wabukusu waliuawa, na mwaka 1895 afisa wa Uingereza C. W. Hobley akaja na kikosi kikubwa kilichopigana na Wabukusu Lumboka na kisha Chetambe, karibu na Webuye. Wabukusu walipigana nyuma ya kuta za udongo na mahandaki, kinga iliyokuwa imara dhidi ya mkuki na mshale. Bunduki chache walizokuwa nazo zilikabiliana na silaha zilizopakiwa haraka zaidi na zenye kufika mbali zaidi.

Sababu ya udhaifu wa mtutu laini ni nafasi. Ili risasi iweze kushuka hata mtutu ukiwa na masizi, ilitengenezwa ndogo kuliko mtutu, mara nyingi kwa milimita moja au zaidi. Baruti ikiwaka, sehemu ya gesi hupenya pembeni, na risasi hugongagonga kuta huku na huku hadi itoke. Mgongano wa mwisho ndio unaoamua itaelekea wapi, na mpigaji hana namna ya kujua ulikuwa upande gani. Zaidi ya mita 70 au 80, kumpata mtu mmoja aliyelengwa kulikuwa bahati. Kitambaa kinachojaza nafasi hiyo huboresha mambo sana ndani ya mita 50. Kupita hapo, risasi isiyo na mzunguko maalumu huenda inakotaka, hata ukiipimia baruti kwa mizani ya sonara.

Mifereji iliyosokotwa ndani ya mtutu huizungusha risasi, na risasi inayozunguka hushika njia yake kama pia inavyosimama juu ya ncha yake. Msokoto hupimwa kwa urefu ambao risasi husafiri mpaka itimize mzunguko mmoja. Kwenye Enfield ya mwaka 1853, bunduki ya kawaida ya askari wa Uingereza, urefu huo ulikuwa inchi 78. Joseph Whitworth, fundi mitambo wa Manchester, alitengeneza mtutu wenye pembe sita na msokoto wa inchi 20. Bunduki zote mbili zilipakiwa kwa mdomo. Zote zilitumia greni 70 za baruti na risasi ya greni 530, yaani takriban gramu 4.5 na gramu 34. (Greni ndiyo kipimo cha wapima baruti, gramu moja ni greni 15.4.) Katika majaribio ya Hythe, Uingereza, mwaka 1857, kwa umbali wa yadi 500, matundu ya Enfield yalikaa kwa wastani zaidi ya futi 2 kutoka katikati ya kundi lake, na ya Whitworth chini ya nusu futi. Baruti ilikuwa sawa na uzito wa risasi ulikuwa sawa. Kilichotofautiana ni wembamba wa mtutu, ambao ulikuwa inchi 0.45 badala ya 0.577, urefu wa risasi uliotokana na wembamba huo, na msokoto uliokwenda na urefu huo.

Whitworth hiyo iliyoishinda Enfield kwa shabaha ilifika Afrika Mashariki mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1862 msafiri Mwingereza John Hanning Speke alimpelekea Kabaka Mutesa wa Kwanza wa Buganda zawadi, na ndani yake mlikuwa na Whitworth moja, pamoja na masanduku ya risasi na fataki. Masanduku hayo yalikuwa na maana kuliko bunduki yenyewe. Risasi ya duara iliyouzwa na misafara isingeufaa mtutu mwembamba wa pembe sita, na bila kalibu yake Whitworth haina tofauti kubwa na rungu la bei ghali.

Kazi ya kulitafutia gobori kiasi chake basi huanzia kwenye mtutu. Kipenyo chake hupimwa kwa kipimo cha fundi bunduki. Msokoto hupimwa kwa mdeki: kitambaa kinachobana huvikwa ncha ya ndani, alama ya chaki hutiwa juu ya mdeki, kisha mdeki huvutwa polepole huku ukiachwa uzunguke wenyewe. Urefu uliotoka wakati alama imefika nusu ya mzunguko, mara mbili, ndio msokoto. Ukikaribia inchi 48 hadi 72, mtutu huo kwa kawaida ni wa risasi ya duara. Ukiwa inchi 20 hadi 32, unataka risasi ndefu. Mwaka 1879 George Greenhill, mwalimu wa hesabu wa maofisa wa mizinga huko Woolwich, alitoa kanuni ambayo bado inatumika: 150 izidishwe kwa kipenyo cha risasi, izidishwe tena kwa kipenyo hicho, kisha igawanywe kwa urefu wa risasi, vyote kwa inchi. Risasi ya kipenyo cha 0.45 yenye urefu wa 1.35 inadai msokoto wa inchi 22 na nusu. Whitworth alikuwa amefika 20 kwa kujaribu tu, zaidi ya miaka 20 kabla ya kanuni hiyo kuandikwa.

Anayepakia risasi ndefu kwenye mtutu wa msokoto wa pole atatafuta kiasi cha baruti mpaka achoke. Risasi itapinduka hewani na kutoboa karatasi kwa ubavu, ikiacha tundu lenye umbo la tundu la ufunguo. Tundu la namna hiyo likionekana, kuongeza au kupunguza baruti ni kupoteza mali. Kinachobadilishwa ni risasi.

Risasi yenyewe huyeyushwa kutokana na madini ya risasi laini. Vipande vya kusawazishia magurudumu ya magari, vinavyopatikana kwa mafundi wa pancha Kanduyi au Kitale, vina antimoni na ni vigumu mno: havikubali kuchapwa na kitambaa, na risasi ndefu yenye kitako cha shimo haitanuki kujaza mifereji kama inavyotakiwa. Risasi laini hukwaruzika kwa ukucha. Kwenye ile ngumu ukucha huteleza. Duara ya kipenyo cha inchi 0.49, inayovalishwa kitambaa na kushindiliwa katika mtutu wa 0.50, ina uzito wa takriban gramu 11.5. Kila iliyotoka kwenye kalibu hupimwa. Iliyopungua greni mbili au tatu ina povu la hewa ndani yake, na povu hilo halikai katikati. Risasi hiyo hurudishwa chunguni. Alama iliyobaki pale ilipokatwa kwenye mdomo wa kalibu huelekezwa juu wakati wa kupakia. Si kwamba juu ni bora kuliko chini. Kitu kisichoweza kuondolewa hufanywa kiwe pale pale kila mara.

Kitambaa ndicho kinachodharauliwa zaidi, na ndicho mara nyingi chenye kosa. Kinatakiwa pamba tupu, iliyofumwa kwa kubana, iliyofuliwa kuondoa wanga wa kiwandani. Amerikani ya zamani, nguo ile ile iliyobebwa na misafara kama fedha, ingefaa sana. Nguo yenye nailoni huyeyuka na kuuchafua mtutu. Unene huwa kati ya milimita robo na karibu nusu, na hupimwa ikiwa imebanwa. Hulainishwa kwa mafuta ya ng'ombe yaliyochanganywa na nta ya nyuki. Nta huzidishwa msimu wa joto ili mafuta yasitiririke na kuilowesha baruti.

Baada ya kupiga, vitambaa huokotwa mita chache mbele ya mdomo wa mtutu, na kila kimoja husomwa. Kilicho salama kina doa jeusi la duara katikati na pembe zisizochanika. Kilichotobolewa katikati kwa moto kinasema baruti imezidi, au nguo ni nyembamba. Kilichokatwa kwa mistari iliyonyooka kinasema kingo za mifereji ni kali, aghalabu kwenye mtutu mpya au ule uliopigwa msasa vibaya mdomoni. Kilichoungua pembezoni kinasema gesi inapita, kwa hiyo risasi ni ndogo au nguo haitoshi. Mpigaji asiyeokota vitambaa vyake anakisia tu.

Sasa baruti. Inayotumika ni baruti nyeusi peke yake, au ile iliyotengenezwa na kiwanda kuchukua nafasi yake. Baruti ya kisasa isiyo na moshi hupandisha shinikizo ambalo mtutu wa gobori hauwezi kulistahimili, na kijiko kimoja chake hutosha kuupasua. Baruti nyeusi huuzwa kwa ukubwa wa chembe. Chembe ndogo huwaka upesi na huifaa mitutu myembamba. Chembe za wastani huifaa mitutu ya inchi 0.50 na kuendelea. Hupimwa kwa kikopo chenye ujazo uliowekwa alama, na haimiminwi kamwe moja kwa moja kutoka kwenye pembe au kopo kubwa: cheche iliyobaki mtutuni baada ya mlio uliotangulia ikikutana na kopo zima, hakuna atakayebaki kusimulia.

Kiasi cha kuanzia ni greni zinazolingana na kipenyo: 50 kwa mtutu wa 0.50, mradi ni ndani ya kiwango cha juu kilichotajwa na mtengenezaji wa bunduki. Bunduki hulazwa juu ya mifuko ya mchanga, shabaha huwekwa mita 25, na risasi tano hupigwa kwa kulenga nukta moja. Mita 25 ni kwa ajili ya kuona kama kuna kundi kabisa. Likionekana, shabaha husogezwa mita 50, na baruti huongezwa greni 5 kwa kila kundi la risasi tano, kila kundi kwenye karatasi yake iliyoandikwa kiasi. Kitu kimoja tu hubadilishwa kwa wakati mmoja. Anayebadilisha baruti na kitambaa pamoja hataweza kusema ni kipi kilichomsaidia. Risasi tatu hazitoshi kuamua. Risasi tatu zinaweza kukaa karibu kwa bahati tu, na ya nne ikaharibu furaha yote.

Kwa kawaida makundi hupungua, hufika mahali yakawa madogo kabisa, kisha hufunguka tena. Mahali hapo padogo ndipo hutafutwa kwa undani, kwa hatua ya greni 2 au 3. Jambo la kushangaza kwa wageni wa kazi hii ni kwamba kiasi hicho mara nyingi kiko mbali chini ya kile ambacho bunduki ingeweza kustahimili. Andrew Noble na Frederick Abel, walioichunguza baruti nyeusi Uingereza katika miaka ya 1870, walikuta kwamba zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi. Hubaki yabisi, kama moshi na masizi. Kwa hiyo kila greni inayozidi huleta uchafu na kumpiga teke mpigaji, huku ikiongeza mwendo kidogo kuliko greni iliyotangulia.

Samuel Baker, aliyefika Ziwa Albert mwaka 1864, alikuwa na bunduki iliyotengenezwa na Holland wa London, iliyorusha kombora la nusu ratili kwa dramu 10 za baruti, yaani karibu gramu 18. Aliiita Mtoto. Ilimzungusha kila alipoifyatua, na mwenyewe alikiri kuwa aliiogopa. Mpigaji anayeiogopa bunduki yake hufumba macho kabla ya mlio, na hakuna kiasi cha baruti kinachoponya hilo.

Mwindaji Frederick Selous, aliyeuawa Beho Beho karibu na Mto Rufiji tarehe 4 Januari 1917, alianzia upande mwingine kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 aliua ndovu 78 kusini mwa Afrika kwa magobori ya bei rahisi yenye mtutu laini na risasi za aunsi 4, na alichota baruti kwa mkono kutoka kwenye mfuko wa ngozi bila kupima. Alipiga kutoka hatua chache, ambako tofauti ya konzi moja na nyingine haionekani. Siku moja gobori lake lilikataa kulia, likapakiwa mara ya pili juu ya mzigo wa kwanza, na lilipolia likamrusha chini na tako la gobori lenyewe likavunjika. Mdeki wenye alama ungelizuia hilo: alama moja ya mtutu mtupu, nyingine ya mtutu uliopakiwa sawasawa. Alama hiyo ya pili ikikaa juu ya mdomo, ama risasi haijashuka yote na imeacha nafasi ya hewa juu ya baruti, jambo linaloweza kuupasua mtutu, au mna mizigo miwili.

Alama hiyo husaidia shabaha pia. Baruti iliyobanwa sana huwaka tofauti na iliyobanwa kidogo, na wanaoshindana huegemea mdeki kwa uzito ule ule kila mara, bila kuipigapiga risasi mpaka ikabonyea.

Hali ya hewa ya Bungoma ina mchango wake. Masizi ya baruti nyeusi hufyonza unyevu. Asubuhi za masika hulainika, na risasi hushuka bila shida. Januari, upepo mkavu ukivuma, hukauka yakawa kama gamba, na risasi ya nne au ya tano hukwama nusu ya njia. Kundi lililoanza vizuri na kutawanyika mwishoni huwa limeharibiwa na masizi kuliko kitu kingine. Dawa ni kufuta mtutu kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu, baada ya kila risasi, idadi ile ile ya mapito. Kumwaga maji mengi ni kuidhuru baruti inayofuata. Mwinuko nao hubadilisha kidogo mahali risasi inapogonga. Bungoma iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa asilimia 13 hivi kuliko Mombasa, na Kitale iko karibu mita 1,900. Risasi ya duara, ambayo hupoteza mwendo haraka, hunufaika na wepesi huo, na bunduki iliyorekebishwa pwani itagonga juu kidogo ikipigwa Kitale kwa umbali mrefu. Ukubwa wa kundi haubadiliki kwa sababu hiyo. Ni kifaa cha kulengea tu kinachosogezwa.

Hayo yote yanahusu bunduki iliyokaguliwa na yenye kibali. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimruhusu mtu kumiliki bunduki bila cheti, hata iliyo urithi wa babu. Gobori lililofuliwa kwa bomba la maji halijaribiwi kwa kiasi chochote, hata kidogo. Chuma chake hakikutengenezwa kwa shinikizo hilo, na mshono wa bomba hupasuka bila kutoa dalili. Mahali pake ni polisi. Lililo kuukuu la kiwandani hukaguliwa kwanza na fundi bunduki, hasa sehemu ya nyuma ya mtutu, ambako kutu hula ndani bila kuonekana nje. Nje ya nchi, mchezo wa kulenga kwa magobori una mashindano yake ya dunia chini ya chama cha kimataifa kilichoundwa mwaka 1971, na karatasi zao huwekwa mita 25, 50 na 100.

Kiasi kikishapatikana huandikwa chote: kipenyo na uzito wa risasi, unene wa kitambaa, mafuta yake, aina ya baruti na ukubwa wa chembe zake, greni, fataki, na idadi ya mapito ya kufuta. Daftari hilo huhifadhiwa pamoja na karatasi zilizotobolewa. Baruti hutofautiana kidogo kutoka kopo hadi kopo hata ikiwa ya kiwanda kimoja, kwa hiyo kopo jipya likifunguliwa, makundi matatu hupigwa upya: la kiasi kilichoandikwa, la greni 3 chini yake na la greni 3 juu yake.